Nafasi Iliyothibitishwa kwa Mdomo

Kila siku akitoka shule, Chapu alikuwa na kazi tatu. Alichota maji, aliokota nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, kisha akamsomea mama ujumbe wote ulioingia kwenye simu tangu asubuhi. Kazi ya tatu ndiyo aliyoipenda. Mama yake alikuwa fundi wa sare za shule, na miaka mingi ya kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa imemchosha macho. Herufi za simu aliziona ukungu mtupu.

"Wa kwanza anaulizia sketi yake," Chapu alisoma. "Wa pili ni kampuni ya simu, wanataka ununue vifurushi. Wa tatu..."

"Wa tatu mwambie shati lake liko tayari tangu juzi, aje na pesa yake."

"Si wa shati, Mama. Ngoja!" Chapu aliruka kutoka kwenye kigoda. "Ni chuo kikuu! 'Hongera. Umechaguliwa kujiunga na Shahada ya Sayansi ya Maabara ya Tiba.' Mama, Dada kapata!"

Mama aliondoa miguu kwenye kanyagio la cherehani. Mkono ukiwa bado umeshika kola ya shati la mtoto wa watu, akasema, "Rudia. Tena polepole, usisome kama unakimbizwa."

Mtaani walimwita Chapu kwa sababu alifanya kila kitu chapuchapu. Alikula chapuchapu, alioga chapuchapu hata magoti yakabaki na vumbi, na alimaliza hesabu za nyumbani kabla hajamaliza kuzisoma. Lakini siku hiyo alisoma neno moja moja, hadi mwisho. Mwisho wa ujumbe palikuwa na onyo: aliyechaguliwa athibitishe nafasi yake kwenye tovuti ya chuo kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Asipothibitisha, nafasi atapewa mwingine.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha serikali, kwenye majengo ya chuo cha ualimu cha zamani. Majengo yake yalikuwa ya chini, yenye mabati mekundu, na kozi zake zilikuwa saba tu. Dada yake Chapu hakukichagua kwa ukubwa. Ada yake haikufika hata nusu ya ada ya vyuo vya watu binafsi, na kutoka nyumbani kwao hadi getini ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, kwa hiyo hakuna kulipia bweni wala nauli. Tena kozi ya maabara ilichukua wanafunzi arobaini tu kwa mwaka, na waliochaguliwa katika awamu ya kwanza waliingizwa kwenye orodha ya mkopo wa elimu moja kwa moja.

Ila sababu kubwa Dada hakuisema mara nyingi. Baba yao alipougua, damu yake ilipimwa, na majibu yalitoka baada ya siku kumi na moja kwa kuwa mpimaji alikuwa mmoja kwa wilaya nzima. Majibu yalipofika, baba alikuwa amekwisha zikwa. Tangu hapo Dada alipoulizwa anataka kuwa nani, alijibu bila kufikiri mara mbili: "Mpimaji."

Wakati huo Dada alikuwa mbali, kwa mjomba wao mfugaji wa kuku. Alikuwa akiokota mayai, akiosha mabanda na kubeba magunia ya pumba, ili apate fedha za vitabu na koti jeupe la maabara. Huko mtandao ulikuwa wa kubahatisha, ndiyo maana kwenye fomu aliandika namba ya simu ya mama. Jumanne alipanda kilima penye mtandao akapiga, akaelezwa habari za ujumbe.

"Mama, mtu athibitishe, nakuomba!" Sauti yake ilikatikakatika. "Namba yangu ya mtihani na neno la siri viko nyuma ya daftari langu la baiolojia. Ni dakika tano tu. Chapu anajua kutumia kompyuta."

"Nitamtuma kesho," mama alisema. "Mimi nina sare sitini za kukabidhi Alhamisi, sina hata pa kuinulia kichwa. Chapu atakwenda."

"Chapu, umesikia? Usiniangushe, mdogo wangu."

"Mimi tena, Dada!" Chapu alijibu. "Nitakwenda na kurudi kabla hujashuka kilimani."

*

Jumatano alasiri mama alimpa Chapu simu, kikaratasi chenye namba, na noti moja ya kulipia. "Nenda kwa Bwana Kopi. Akimaliza, akuchapie karatasi ya uthibitisho uniletee. Nataka kuishika mkononi."

Bwana Kopi alikuwa na duka la steshenari karibu na kituo cha mafuta. Alitoa kopi, alichapa barua za watu, alijaza fomu za mitandaoni. Duka lilikuwa jembamba, na watu wanne wakisimama ndani, wa tano alibaki nje. Siku hiyo walikuwa tisa. Chapu alisimama kwenye foleni, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi mguu ule. Alipobakiza watu watatu, Bwana Kopi akanyanyua mikono.

"Jamani, mtandao umelala. Rudini baada ya saa moja. Mwenye haraka asubiri, mwenye shughuli akafanye."

Uwanja wa shule ulikuwa hatua mia mbili kutoka hapo, na timu ya netiboli ilikuwa inafanya mazoezi ya mechi ya Ijumaa. Chapu ndiye aliyekuwa mfungaji wao. Akajiambia atacheza kidogo tu. Alicheza hadi jua likainama, kisha, kwa kuwa koo lilikuwa limekauka, yeye na wenzake wakanunua barafu za juisi, na noti ya mama ikavunjwa. Aliporudi kituo cha mafuta, mlango wa Bwana Kopi ulikuwa umeshushwa na kufuli linaning'inia.

Njiani Chapu alipanga maneno. Alitaka kusema, "Mama, mtandao ulikuwa umelala." Hiyo ilikuwa kweli. Lakini mama angeuliza, "Saa zote hizo ulikuwa wapi?" Na angeuliza, "Noti iko wapi?" Alipofika mlangoni, mama hakuinua hata macho kutoka kwenye cherehani.

"Umethibitisha?"

"Nimeshathibitisha," Chapu alisema.

Neno lilitoka lenyewe, jepesi kabisa.

"Karatasi?"

"Mashine ya Bwana Kopi imeishiwa wino. Amesema imekubali, tusiwe na wasiwasi."

"Na chenji?"

"Amesema bei imepanda."

"Huyo naye," mama aliguna, akaendelea kushona.

Chapu hakukusudia yaishie hapo. Alipanga kwenda Alhamisi, amalize kimyakimya, na uongo ugeuke kweli bila mtu kujua. Lakini Alhamisi mama alimtuma kupeleka sare, mizigo miwili, na aliporudi pesa iliyobaki mfukoni haikutosha. Ijumaa walikuwa na mechi. Walishinda kwa mabao mawili, na mawili ya mwisho alifunga yeye. Wenzake walimbeba juu juu wakiimba jina lake, na hapo juu mabegani aliiona saa ya ukutani kwenye ofisi ya walimu. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

Akajituliza. Ujumbe ulisema "Hongera, umechaguliwa", au sivyo? Mtu aliyechaguliwa amechaguliwa. Chuo kizima hakiwezi kumfukuza mtu kwa ajili ya kubonyeza kitufe. Alijiambia maneno hayo kila siku kwa wiki tatu, mpaka akakaribia kuyaamini.

*

Dada alirudi Jumamosi na sanduku la bati, mikono imekakamaa, na kwenye bahasha fedha alizofanyia kazi miezi saba. Jumatatu ya usajili aliamka akapiga pasi blauzi yake mara mbili. Chapu alikuwa na likizo fupi, wakaenda wote.

Ukumbi wa chuo ulijaa wazazi na masanduku. Ukutani palibandikwa karatasi ndefu zenye majina. Dada alipitisha kidole kwenye orodha ya maabara, kutoka juu hadi chini, kutoka chini hadi juu. Alisita, akacheka kidogo kama mtu aliyekosea mlango, akaanza upya.

"Wamesahau jina langu," alimwambia Chapu. "Twende dirishani."

Nyuma ya dirisha la udahili aliketi mama mmoja mwenye miwani, mihuri minne mbele yake. Alichukua namba ya mtihani, akaiandika kwenye kompyuta, akasoma.

"Ulichaguliwa awamu ya kwanza," alisema. "Hukuthibitisha."

"Nilithibitisha, Mama."

"Mwanangu, hapa pameandikwa hukuthibitisha. Muda ulipokwisha, nafasi ilikwenda kwa mtu wa akiba."

"Haiwezekani! Nilimtuma mdogo wangu, huyu hapa. Chapu, mwambie."

Dada alimgeukia. Mama wa udahili alishusha miwani naye akamtazama. Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni walisogea wasikie. Katika nukta hiyo Chapu angeweza kusema. Alifungua mdomo.

"Nilikwenda," alisema. "Bwana Kopi aliniambia imekubali."

Mama wa udahili alitikisa kichwa. "Kila mwaka ni hivyo hivyo. Wanakula pesa za watu kwenye hivyo viduka, halafu wanasema imekubali. Pole sana, binti. Awamu ya tatu itafunguliwa baada ya wiki mbili, kwa nafasi zitakazobaki. Anayefuata!"

Dada hakulia pale. Alitembea hadi nje ya geti, akaketi juu ya jiwe, na ndipo alipolia, kwa sauti, kifudifudi juu ya magoti yake, mbele ya wauza kalamu na madaftari. Chapu alisimama kando hajui mikono yake aiweke wapi.

*

Mama aliposikia, hakumaliza hata mshono. Alitoka na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akaenda moja kwa moja kituo cha mafuta. Chapu na Dada walimfuata mbio.

"Wewe!" alimwita Bwana Kopi mbele ya wateja. "Wewe mtoto wangu alikukosea nini? Umekula pesa yetu, tulikusamehe. Umekula na nafasi ya mwanangu?"

Bwana Kopi aliweka chini karatasi alizokuwa akizihesabu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayeongea akitazama vidole vyake. "Mama, nafasi gani? Sikuelewi."

"Ya chuo! Mwanangu alikuja hapa Jumatano ile, ukamwambia imekubali. Eti wino umekwisha!"

"Jumatano mtandao ulilala alasiri hadi nafunga. Tangu ulale sikuthibitisha mtu hata mmoja." Alimtazama Chapu. "Binti, ulikuja hapa mimi nikakuambia hivyo?"

Chapu aliangalia sakafu, akatikisa kichwa kukubali.

"Mnamwona?" mama alisema. "Mtoto hawezi kutunga jambo la namna hii."

Wateja wawili walichukua karatasi zao wakatoka. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba hata yeye mwaka jana fomu yake haikufika popote. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Wiki iliyofuata, wakati wanafunzi wapya wa chuo walipokuwa wakihitaji kopi za vyeti kuliko wakati wowote wa mwaka, foleni ilikuwa kwenye duka lingine ng'ambo ya barabara. Bwana Kopi aliketi peke yake nyuma ya mashine yake, mlango wazi, taa imewashwa.

Binti yake alisoma darasa moja na Chapu. Walimwita Rula, kwa urefu wake na mgongo ulionyooka. Wiki hiyo wenzake walianza kuficha kalamu zao kila alipopita. "Angalia, mtoto wa Kula Pesa!" walisema, wakacheka. Rula aliwapita. Alikula peke yake kwenye ngazi, akarudi darasani, akafungua kitabu.

Alhamisi alimfuata Chapu bombani.

"Nataka kukuuliza kitu," alisema. "Baba anasema ulikuwa kwenye foleni, ukaondoka mtandao ulipolala, na hukurudi. Nyumbani chakula kinamshinda. Anajiuliza labda alisahau, labda alikuambia neno ukalielewa vibaya. Ulirudi au hukurudi?"

Maji yalikuwa yanafurika kwenye ndoo. Chapu aliyatazama.

"Nilirudi," alisema.

Rula alimtazama kwa muda mrefu. Kisha aliinamisha kichwa, kama mtu aliyeelezwa bei asiyoweza kuilipa, akaenda zake. Alasiri hiyo alimwomba mwalimu abadilishiwe dawati, akae mbele, peke yake.

Chapu aliulizwa swali la hesabu siku hiyo akajibu jina la mto. Alipofika nyumbani hakuchota maji. Alisimama mlangoni. Mama alikuwa anashona, na Dada alikuwa amekaa chini akikunja barua ya malalamiko aliyokuwa amemwandikia mkuu wa chuo. Ndani ya barua hiyo Bwana Kopi alitajwa kwa jina lake kamili.

"Usiipeleke, Dada," Chapu alisema.

"Kwa nini?"

"Bwana Kopi hakufanya kitu. Mimi ndiye sikuthibitisha." Akishaanza, hakuweza kusimama. "Mtandao ulilala, nikaenda kucheza. Nilirudi amefunga. Pesa nilinunua barafu. Nilitaka kwenda Alhamisi, halafu... halafu sikwenda."

Cherehani ilinyamaza. Chapu alisubiri kofi, na moyoni aliomba lije upesi. Halikuja. Mama aliweka viganja viwili juu ya meza akavitazama. Dada alisimama. Alikuwa amekaza meno hata mishipa ya shingo ikamtoka.

"Nililia nje ya geti," Dada alisema taratibu. "Ulikuwa umesimama pale. Uliniona."

"Dada, nisamehe."

"Usiniguse." Alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba hadi kiza kilipoingia, na alipoitwa kula alisema hana njaa.

*

Asubuhi, kabla ya shule, mama alimshika Chapu mkono. Hakumburuta, lakini hakumwachia. Walifika kituo cha mafuta watu wakiwa wengi, wengine wakinunua mkate, wengine wakisubiri magari.

"Nilimtukana huyu bwana mbele za watu," mama alisema kwa sauti, "na leo namwomba radhi mbele za watu. Hakula pesa ya mtu. Nilikosea." Kisha akamsogeza Chapu mbele. "Na wewe sema yako."

Chapu alisema. Sauti yake ilikwama mara mbili, na mara ya pili mtu mmoja nyuma alimwambia aongeze sauti, hawasikii. Ilimbidi arudie mwanzo. Alipomaliza, hakuna aliyempongeza kwa kusema kweli. Mwanamke mmoja alifyonya, wengine wakaendelea na safari zao.

Bwana Kopi aliitikia kwa kichwa. "Nimesikia," alisema. "Nimekubali radhi zako, mama. Ila waliosikia siku ile ni wengi kuliko waliosikia leo. Wanafunzi wapya wamekwisha zoea duka la ng'ambo." Alimgeukia Chapu, na kwa mara ya kwanza hakutazama vidole vyake. "Mimi ni mtu mzima, nitavumilia. Lakini ukifika shuleni, mtafute mwanangu. Umwambie yeye, tena mbele ya wale wanaomcheka."

Chapu alifanya hivyo saa nne, wakati wa mapumziko, amesimama juu ya ngazi. Wale waliokuwa wakificha kalamu waliona haya, wakatawanyika. Rula alimsikiliza hadi mwisho.

"Ahsante," alisema. "Lakini pale bombani nilikuuliza kwa wema."

Hakurudi kwenye dawati la zamani.

*

Wiki mbili zilipotimia, mama, Dada na Chapu walikwenda wote kwenye dirisha la udahili. Mama wa udahili aliwakumbuka. Alimsikiliza Chapu akieleza, na hakumkaripia, ila alivua miwani akaiweka juu ya meza.

"Nikuambie jinsi ilivyokuwa," alisema. "Ijumaa ile, saa kumi na dakika moja, kompyuta ilichukua jina la kwanza kwenye orodha ya akiba. Ni msichana kama dada yako. Ametoka mbali, amekuja na mama yake mgonjwa, amelipa, amepata kitanda, na ameanza masomo. Siwezi kumtoa darasani, na hata ningeweza, nisingemtoa. Hajaiba kitu."

"Hata mimi sitaki atolewe," Dada alisema kwa sauti ndogo. "Je, nafasi gani zimebaki?"

"Ukutubi na Utunzaji wa Kumbukumbu, nafasi tisa. Maabara imejaa. Ukisoma mwaka wa kwanza ukapata alama za juu sana, unaweza kuomba kuhamia maabara, kama kutakuwa na mtu aliyeacha. Mwaka jana walioacha walikuwa wawili. Mwaka juzi hakuwepo hata mmoja. Na ukihama, unaanza mwaka wa kwanza upya."

"Na mkopo?"

"Orodha ya mkopo ilifungwa na awamu ya kwanza. Utaomba tena mwakani. Mwaka huu mnalipa wenyewe, kwa awamu mbili."

Dada alimtazama mama. Mama alihesabu kwa vidole chini ya meza, sare ngapi, mashati mangapi, akakunja vidole vyote.

"Andika," mama alisema. "Tutalipa."

Dada alitoa bahasha ya mayai na magunia. Fedha za vitabu na koti jeupe zikageuka nusu ya ada. Safari hii alibonyeza kitufe cha kuthibitisha kwa mkono wake mwenyewe, na karatasi ilipotoka aliisoma mstari kwa mstari kabla ya kuikunja.

Maisha ya nyumbani yalibadilika. Mama alipokea kazi mara mbili ya zamani. Chapu alimwambia mwalimu wa michezo kwamba ameacha timu, akamrudishia jezi. Kila alasiri alikaa kwenye kigoda akishona vifungo, mashati hamsini kwa wiki, vifungo saba kila shati, na ncha za vidole zikawa ngumu. Hakuna aliyemwambia aache mpira. Lakini pia hakuna aliyemwambia arudi.

Dada alikuwa akitoka asubuhi na daftari moja. Aliporudi alisalimia, akavua viatu, akakaa na kuandika. Siku moja mama alimwuliza masomo yanaendaje.

"Leo tumefundishwa kupanga kumbukumbu za wagonjwa," Dada alisema. "Faili likipotea, mgonjwa hupimwa upya, anachelewa dawa. Si somo baya." Alifunga daftari. "Darasa letu linatazamana na maabara. Wanavaa yale makoti, wanaonekana dirishani."

Chapu alikuwa na neno alilolibeba siku nyingi. "Dada," alisema, "kazi yako ile ya darasani ya kuchapwa, nikupelekee kwa Bwana Kopi? Nitasimama pale hadi itoke."

"Hapana," Dada alijibu bila ukali wowote. "Nitaipeleka mwenyewe." Akachukua ndoo akatoka.

Chapu aliinamia shati lililokuwa mapajani. Machozi yalidondokea kitambaani.

"Mama, atanisamehe lini?"

"Hilo muulize yeye, na usimharakishe," mama alisema. Alisimamisha cherehani, akavuta kiti chake karibu. "Nisikilize, mwanangu. Mtandao kulala halikuwa kosa lako. Kucheza ukasahau lilikuwa kosa, la kitoto. Ungeniambia jioni ile ile, ningekugombeza, ungelia kidogo, na Alhamisi ningeacha sare zote twende wote. Tulikuwa na siku mbili nzima. Kosa lako lilikuwa linatengenezeka. Ulichokiharibu ni zile siku mbili, maana ulinifanya nikae nimetulia. Ukisema uongo, unamfumba macho mtu ambaye angekusaidia. Na mimi macho yangu yenyewe unayajua. Nilikuwa nakutegemea wewe kuona."

Chapu alifuta uso kwa mkono.

"Na kuaminiwa," mama aliendelea, "hakurudi kwa radhi ya siku moja. Utasema kweli leo, utasema kweli kesho, kwenye mambo madogo yasiyo na mtu wa kukuona, mpaka watu wasahau kukukagua. Itachukua muda. Kwa Rula itachukua muda, na kwa dada yako itachukua muda zaidi. Usichoke."

Alirudi kwenye cherehani, akavuta kitambaa kingine.

"Haya. Mashati ya leo umemaliza?"

"Bado, Mama," Chapu alisema. "Nimebakiza kumi na moja. Na hili hapa nimelikata na mkasi nilipokuwa natoa uzi. Limetoboka kifuani."

Mama alinyoosha mkono.

"Lete tulione," alisema. "Bado mapema."